Watoto Wenu Watayakumbuka Majina Yenu

Shikamooni wazee wangu, na vijana habari zenu. Nashukuru sana kwa hii nafasi. Niliombwa niongelee familia zenye historia ya jeshi, yani zile ambazo babu alipigana vita, baba akapigana vyake, na mtoto naye saa hizi yuko kambini, na nilikubali haraka kwasababu kwetu ndio ilivyo. Baba yake babu alichukuliwa kubeba mizigo kwenye Vita vya Mjerumani. Babu mwenyewe alikuwa Keya, yani askari wa jeshi la Mwingereza lililoitwa King's African Rifles, alifika mpaka Burma. Baba yangu alikuwa mgambo, akaingia Uganda na jeshi letu mwaka 1979. Mdogo wangu ni mwanajeshi na ameshakaa Kongo kulinda amani. Vizazi vinne mfululizo, na hapo hamna mtu kwetu aliyewahi kuwa afisa mkubwa, ni watu wa kawaida tu waliitwa wakaenda. Nikiangalia humu ndani naona wengi mnatikisa vichwa, kwaiyo najua haya sio ya kwangu peke yangu.

Nitaanza na ile Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam. Mnaijua wote, amesimama katikati ya mzunguko mtaa wa Samora ameshika bunduki yenye singe kaielekeza bandarini. Iliwekwa mwaka 1927, na kabla yake palikuwa na sanamu ya Wissmann yule Mjerumani, Waingereza walipoingia wakaiondoa. Watu wanapita pale kila siku wanawahi daladala, wachache sana wanasoma maandishi ya pale chini, na mimi nawaomba kila atakayepita asimame asome kwasababu pale kuna ahadi. Imeandikwa kwamba ni ukumbusho wa askari Waafrika waliopigana kwenye vita ya 1914 hadi 1918, na wa wapagazi waliokuwa mikono na miguu ya jeshi, alafu mwisho marehemu wanaambiwa kwamba hata kama mmekufa, watoto wenu watayakumbuka majina yenu.

Maneno yale aliyatunga Rudyard Kipling, mwandishi wa Kiingereza. Na yeye alikuwa baba aliyefiwa vitani, mtoto wake wa kiume aliuawa Ufaransa mwaka 1915 akiwa na miaka 18, na mpaka Kipling anakufa mwaka 1936 kaburi la mwanae lilikuwa halijajulikana liko wapi. Lakini jina lake liliandikwa, lipo kule Loos kwenye ukuta wa waliokosa makaburi, herufi kwa herufi. Sasa rudini pale Posta mzunguke ile sanamu pande zote nne. Hamna jina hata moja la askari wala mpagazi. Ahadi imetolewa, na aliyeachiwa kazi ya kuitimiza ni mtoto wa marehemu, yani ni sisi tuliokaa humu ndani. Hicho ndicho kilichonileta hapa leo, mengine yote nitakayosema yanazunguka hapo hapo.

Tuje kwa wapagazi. Tukiongelea wanajeshi kwenye familia zetu huwa tunawaruka, tunamtaja mwenye bunduki tu. Mimi nasema mpagazi alikuwa mwanajeshi, na ni huduma ya vitani kabisa, tena ile iliyoua zaidi. Vita vile vilianza huku kwetu Agosti 1914, Novemba Waingereza wakateremka Tanga na jeshi kubwa kutoka India wakapigwa na askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, ambao walikuwa wachache sana kuliko wao, na kuanzia hapo ikawa ni kukimbizana porini miaka minne, kutoka Kilimanjaro mpaka Rufiji, Mahiwa, Msumbiji, mpaka Lettow akaja kuweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kuacha kupigana. Askari Waafrika aliokuwa nao siku hiyo walikuwa zaidi ya 1,100. Sasa jiulizeni risasi, unga, dawa, mahema, vyote hivyo vilikuwa vinasafirije? Reli zilikuwa mbili, barabara hamna, farasi na ng'ombe wanakufa kwa ndorobo. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Waingereza peke yao walichukua wapagazi karibu milioni moja kwenye makoloni yao ya ukanda huu, na waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 95,000. Kariakoo tunayoenda kununua vitu leo ilikuwa kambi yao.

Na wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia, njaa. Mtu aliyezoea ndizi au wali anapewa unga wa mahindi hajui kuupika, sufuria hamna, muda hamna, kuni zimelowa, anakula mbichi mbichi tumbo linaharibika, na kesho yake asubuhi mzigo uko pale pale unamsubiri. Walioachwa nyumbani nao chakula kilikuwa kimeshachukuliwa na majeshi ya pande zote mbili, kule Ugogo ile njaa iliyofuata wazee wanaiita Mtunya mpaka leo, watu walikufa vijiji vikabaki mahame. Alafu 1918 ukaja ule ugonjwa wa mafua ukamalizia.

Kwetu habari ya baba yake babu ni fupi mno. Walikuja watu na jumbe, wakamchukua pamoja na vijana wengine wa kijiji, mke wake akiwa na mimba ya babu. Hakurudi. Hamna barua iliyokuja, hamna mshahara uliokuja, hamna mtu aliyekuja kusema kafia wapi. Kilichobaki ni kwamba babu alikuwa anaitwa fulani bin fulani, na hilo jina lililokuja baada ya bin ndio kaburi la yule mzee, hana lingine duniani. Nawaambia hili kwasababu najua humu ndani kuna watu wanabeba kaburi la mtu kwenye jina lao la pili na hawajaambiwa.

Mwaka 2021 ile tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti juu ya mambo iliyoyafanya yenyewe miaka mia nyuma. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwenye vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi inaweza kufika 350,000. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akasimama bungeni kwao akaomba radhi. Mimi ile radhi naipokea, ni kitu kizito taifa kukiri hivyo. Lakini naomba tuelewane, London hawawezi kuturudishia majina ambayo wengi wao hawakuyaandika vizuri tangu mwanzo. Yale majina kama yapo basi yapo kwa bibi zetu, yapo kwenye koo zetu, yapo kwenye majina ya pili ya watu walioko humu.

Kuna familia moja nataka vijana muijue. Mtoto alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, anaitwa Mahjub bin Adam Mohamed, baadae akajulikana kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Mjerumani mwenye asili ya Sudani. Vita vilipoanza 1914 baba na mwana wote wakaingia, mtoto ana miaka kumi tu, akafundishwa kazi ya ishara za mawasiliano. Mwaka 1917 akajeruhiwa Mahiwa akatekwa na Waingereza. Baba yake vita vilimmaliza. Mwaka 1929 huyu kijana, sasa mtu mzima, akafika Berlin, akaenda kwenye wizara ya mambo ya nje kudai mshahara wake na wa baba yake ambao hawakulipwa. Wakamkatalia. Akabaki kule kule, akafanya kazi za hotelini, akaigiza kwenye filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Aliomba nishani ya waliopigana vita, akanyimwa. Mwaka 1941 wakamkamata kwasababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Leo kule Berlin mbele ya nyumba aliyokuwa anakaa kuna kijiwe cha shaba kimepachikwa chini kina jina lake, watu wanainama wanalisoma. Mtoto wa Dar es Salaam, jina lake linasomwa Berlin kuliko linavyosomwa Dar es Salaam. Hilo linaniuma na silifichi.

Na miaka ya 60 Ujerumani Magharibi walikuja kuamua kuwalipa wale askari wazee waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza mamia kadhaa lakini wenye vyeti wakawa wachache sana, basi yule aliyeleta hela akawa anampa mzee mmoja mmoja fagio ashike kama bunduki anamwamuru kwa Kijerumani, beba silaha, weka silaha, na hakuna mzee aliyekosea. Miaka zaidi ya arobaini imepita, nguo zimechakaa, karatasi zimeliwa na mchwa, lakini amri iko mwilini. Mimi hiyo habari huwa inanitoa machozi kwasababu mikono ya wazee wale ndio ilikuwa cheti, na mikono hairithishwi. Mzee akizikwa na cheti kimezikwa.

Kitu kingine ambacho vijana wengi hawajui ni kwamba majeshi yenyewe yalikuwa yanarithiana kama familia. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha Keya, wanaita 6 KAR, na waliojaza kile kikosi ni askari wa Mjerumani waliotekwa. Yani mtu jana kavaa nguo ya Kaiser leo kavaa ya King George, mwili ule ule, familia ile ile inayosubiri. Ndio maana kuna koo ukiuliza vizuri unaambiwa mkubwa alikuwa kwa Mjerumani mdogo alikuwa kwa Mwingereza. Msione aibu nalo, hawakuvianzisha wao vile vita na wengi hawakuulizwa wanataka upande gani.

Hicho kikosi cha sita ndicho babu yangu aliingia vita vya Hitler vilipopamba moto. Tanganyika ilitoa watu takriban 87,000, Kenya karibu 98,000, Uganda takriban 77,000. Wakapigana Abisinia 1941, wakaenda Madagaska 1942, alafu wakapelekwa Ceylon kufanya mazoezi na baadae Burma. Divisheni yao ilikuwa ya 11, begani wana alama ya kichwa cha kifaru. Nusu ya pili ya 1944 walisukumana na Wajapani kwenye bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule, mpaka Desemba wakauvuka mto Chindwin. Babu akiongea Burma hakuongelea bunduki, aliongelea mvua. Alisema mvua kule hainyeshi, inakaa. Matope mpaka kiunoni, magari yamezama, nyumbu wamezama, ruba wanaingia kwenye buti, usiku hamna ruhusa ya kukohoa. Na alikuwa na rafiki, kijana wa Kenya, walichimba handaki moja. Lile jina la rafiki yake babu kwetu tunalo, tumeliandika, ingawa hatujawahi kuipata familia yake.

Na wapo ambao Burma hawakuifika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache tu, watu karibu 1,300 wakafa, wengi wao wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na wauguzi walikuwemo. Ukiwa na babu aliyepotea "baharini wakati wa Hitler" na hamjui zaidi ya hapo, anzeni kutafutia hapo. Vita hivi vya pili angalau majina yaliandikwa, nje ya Yangon kuna makaburi ya Taukkyan yenye ukuta wa majina karibu 27,000 ya waliokufa Burma bila kaburi kujulikana, na Keya wamo. Ile tume ya makaburi wana sehemu ya kutafuta kwa jina kwenye intaneti, simu yako inatosha. Ila jaribuni kuandika jina kwa namna nyingi, karani wa Kiingereza aliandika alivyosikia.

Mshahara walilipwa kwa rangi, hilo lazima lisemwe. Mzungu, Mhindi, Mwafrika, kila mmoja na ngazi yake, hata kwenye malipo ya kuagwa vita vilipoisha. Babu alirudi na nishani yenye nyota, koti, na cheti cha kuachishwa, akakuta kodi ya kichwa inamsubiri bomani. Wenzao wengine walirudi na mawazo mengine kabisa, Waruhiu Itote wa Kenya alitoka Burma akaja kuwa Jenerali China wa Mau Mau. Na wapo waliobaki jeshini. David Musuguri wa Butiama aliingia Keya mwaka 1942 akaenda Madagaska. Idi Amin aliingia Keya mwaka 1946, jikoni. Shikeni hayo majina mawili.

Kabla ya vita vya Kagera niseme juu ya wanawake, na hapa wazee mtanivumilia nikae kidogo. Kwenye msafara wa Lettow wake wa askari walitembea na waume zao miaka ile yote, wanapika, wanabeba, wanazaa njiani, watoto wanakua wakiwa safarini. Hakuna aliyewahesabu vizuri. Bibi yangu yeye alibaki. Alikuwa anatembea kutoka kijijini mpaka bomani kuchukua hela ambayo babu alikuwa anakatwa kwenye mshahara, anaondoka usiku anafika mchana, na safari zingine anaambiwa haijaja. Alilima peke yake, alizika mtoto peke yake babu akiwa Burma, na barua ya kumjulisha babu aliandikiwa na mwalimu wa shule kwasababu yeye hakujua kuandika. Babu alipewa nishani. Bibi hakupewa kitu, na mimi nasema yule bibi alipigana vita vile. Kwenye orodha ya familia yetu jina lake tumeliweka sambamba na la babu, mstari mmoja, ukubwa mmoja.

Haya. Uhuru ukaja 1961, kile kikosi cha sita kikageuka kuwa Tanganyika Rifles, Januari 1964 wakaasi, jeshi likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 ikaanzishwa JWTZ. Hapo nitapita haraka, ni mada inayojitegemea. Ninachotaka mkione ni kwamba baba yangu alikuta jeshi jipya kabisa, lenye nia tofauti na la babu. Babu alipigana kwa ajili ya mfalme ambaye hakuwahi kumuona. Baba alipigana kwasababu Kagera ilivamiwa.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera, Amin akatangaza kwamba eneo lote mpaka mtoni ni la Uganda, daraja la Kyaka likavunjwa, raia wakauawa, ng'ombe wakaswagwa. Novemba 2 Mwalimu akahutubia, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Wazee humu bado wanaweza kuwaambia walikuwa wamekaa wapi wakati redio inasema yale maneno. Jeshi letu lilikuwa halifiki watu 40,000, kwa muda mfupi likafika kama 150,000, na humo ndani mgambo walikuwa karibu 40,000, pamoja na polisi, magereza na JKT. Magari ya watu binafsi yakachukuliwa, wananchi wakatoa ng'ombe. Baba yangu alikuwa mkulima mwenye mafunzo ya mgambo. Aliaga jioni. Babu, Keya mzee, alimsindikiza mpaka kwenye lori na alimwambia kitu kimoja tu, kwamba akaushe soksi zake kila anapopata nafasi. Aliyetoka Burma alijua miguu ndio inayomrudisha mtu nyumbani.

Na walienda kwa miguu kweli, kutoka Kyaka, Masaka, Lukaya walikopambana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, Entebbe, mpaka Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Kamanda wa divisheni ya 20 alikuwa Musuguri, yule wa Madagaska. Kwaiyo Keya wawili wa zamani, mmoja wa 1942 na mwingine wa 1946, walikuja kukutana vitani miaka zaidi ya thelathini baadae, kila mmoja na nchi yake. Musuguri amefariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, na nakwambieni na yeye maktaba nzima imefungwa.

Waliokufa kwetu wamezikwa Kaboya, wilaya ya Muleba, na pale kuna mnara mweupe wenye majina. Nendeni. Mimi nilienda na baba. Alisoma majina kwa kidole, pole pole, mengine anasimama. Hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Lakini nilisimama pale nikielewa kwamba ile ahadi ya pale Posta imetimizwa hapa Kaboya, na imetimizwa na sisi wenyewe. Kutoka mpagazi asiyejulikana kafia wapi mpaka mgambo mkulima ambaye jina lake limeandikwa mnarani, ni nchi imejitahidi na tuipe haki yake. Hata juzi, Desemba 7 mwaka 2017, kambi yetu iliposhambuliwa Semuliki kule Kongo na wanajeshi wetu wasiopungua 14 wakauawa, walirudishwa, wakaagwa Dar es Salaam, nchi nzima ikawajua. Mdogo wangu alikuwa anawafahamu baadhi.

Lakini mnara unaandika waliokufa. Waliorudi je? Baba alirudi, akakuta ile miezi 18 ya kukaza mkanda ambayo Mwalimu alituomba baada ya vita na ambayo haikuisha kwa miezi 18, akashika jembe lake. Hayuko kwenye mnara wowote. Miaka mingi hakulala upande wa dirisha, mlango ukijibamiza anasimama. Alipokuwa na sisi alikuwa mpole sana, na kuna siku alikuwa hayupo hata akiwa amekaa hapo hapo. Familia nyingi hapa mnalijua hili na mlilelewa ndani yake bila kuambiwa jina lake ni nini. Sio ukali wa tabia, ni vita vimekaa ndani ya mtu, na siku hizi wapo wataalamu wa kusaidia, tusiwaache wazee wetu wala hawa vijana wanaorudi kutoka Kongo na Darfur wakibeba wenyewe.

Na kwa hilo hilo nataka niseme namna ya kuwauliza, maana vijana mnauliza vibaya. Usianze na uliua wangapi. Hilo swali linafunga mlango na haufunguki tena. Muulize alikuwa anakula nini. Muulize buti zilikuwaje, alilala wapi siku ya kwanza, nani alikuwa rafiki yake, nani alikuwa anachekesha, mke wake alijuaje kwamba kapona. Akinyamaza na wewe nyamaza, usijaze ule ukimya na maneno yako. Rekodi kwa simu ukiruhusiwa. Rudi siku nyingine. Ukiona karatasi, cheti, kitambulisho, picha yenye maandishi nyuma, piga picha pande zote mbili hapo hapo, nyumba zinaungua na mchwa hawana likizo. Nishani ziangalieni pembeni kwenye ukingo, za vita vya kwanza nyingi zimechongwa namba na jina. Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam kuna mafaili tangu enzi za Mjerumani, ni kazi kuyasoma lakini yapo, na hapa kuna vijana wamesoma Kijerumani chuo kikuu wanatafuta cha kufanya. Na wale ambao habari yao ni ya mstari mmoja tu, alichukuliwa hakurudi, huo mstari andikeni hivyo hivyo. Hata usipokuwa na kijiji wala mwaka, andika.

Pale mlangoni kwenye meza kuna madaftari makubwa na kalamu. Kila mtu kabla hajatoka aandike jina la mtu wake, alikuwa mpagazi, askari, Keya, mgambo, JWTZ, muuguzi, mke aliyebaki akalima, wote. Andika vita gani, kikosi kama unakijua, alirudi au hakurudi, na jina la aliyekusimulia. Asiyeweza kuandika amwambie kijana aliye karibu amwandikie. Tukishakusanya tutapiga chapa nakala tatu, moja ibaki hapa, moja tuipeleke Nyaraka za Taifa, na moja kila mwaka tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, isomwe hapa kwa sauti kuanzia jina la kwanza mpaka la mwisho, hata kama itachukua asubuhi nzima. Naomba wazee waliokaa mstari wa mbele waanze, vijana washikeni mikono twende nao mezani.